Mchezo Usilale: Wanawake wa Mwambao wa Nyasa na Ligi Mpya ya Soka

Utangulizi

Katika lugha yetu ya Kiswahili mtu hucheza ngoma, na mtu hucheza mpira. Kitenzi ni kimoja. Wako wanaodhani kwamba huu ni upungufu wa maneno, lakini sisi twaona kwamba lugha imehifadhi hapa ukweli ambao vitabu vingi vya michezo vimeusahau: kwamba uwanja wa ngoma na uwanja wa mpira ni ndugu, na kwamba watu waliojifunza kushindana katika mmoja hawauingii ule mwingine wakiwa wageni kabisa.

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ngoma ya mashindano huitwa mchezo. Vijiji vinapoacha kualikana na viwanja vikaota majani, wenyeji husema kwamba mchezo umelala. Hawasemi kwamba umekufa. Kitu kilichokufa huzikwa, bali kilicholala chaweza kuamshwa, ilimradi yuko mwenye nia na uwezo wa kukiamsha.

Katika insha hii tutautumia usemi huo wa Wamatengo kuchunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali na milima yao, nalo ni kuanzishwa kwa ligi kuu ya soka ya wanawake nchini Tanzania katika msimu wa 2016/17, pamoja na yale yaliyofuata. Swali letu ni hili: mashindano ya wanawake yanapoanzishwa, ni kitu gani kinachoyafanya yadumu, na ni kitu gani kinachoyalaza? Tutaanza na ngoma, kwa sababu ndiko wanawake wa Ruvuma walikoanzia.

Ngoma yenye mistari na sare

Wilaya ya Mbinga ya zamani ilikuwa na sehemu mbili zenye tabia tofauti. Juu kuna milima ya Wamatengo, watu mashuhuri kwa kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwa mpango kwenye miteremko mikali ili mvua isiuchukue udongo. Chini kuna mwambao wa Ziwa Nyasa, makao ya Wanyasa na jirani zao, wenye mitumbwi, mihogo, usipa na mbasa. Mwambao huo, pamoja na miji yake ya Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, sasa ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa muongo wa 2010.

Kati ya sehemu hizo mbili ngoma zilipanda na kushuka pamoja na chumvi, samaki na nafaka. Miongoni mwake ni mganda, ngoma ya wanaume, na kioda, ngoma ya wanawake. Zote mbili zina ndugu zao ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, ambako mganda hufahamika zaidi kwa jina la malipenga, na kioda huitwa chioda. Ukoo wa mganda wajulikana. Ni kizazi cha beni, ngoma ya gwaride iliyozaliwa katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikaenezwa bara na askari na wapagazi hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Wachezaji wa beni walitazama majeshi ya wakoloni, wakachukua mistari, sare na vyeo vyao, wakavigeuza kuwa vyombo vya furaha na vya kushindania heshima.

Kioda haikubaki nyuma. Nayo ilikuwa ngoma ya mistari na ya mavazi yanayofanana, yenye kiongozi anayetii na kutiiwa, na yenye nyimbo zilizosifu, kuonya na kukejeli. Mwanamke aliyecheza kioda hakuwa mtu aliyejikuta tu kwenye shangwe la arusi. Alikuwa mwanachama wa kikundi. Alijua nafasi yake katika mstari, alihudhuria mazoezi, alivaa kama wenzake, na siku ya kwenda kushindana alisafiri pamoja nao, akiwa amebeba jina la kijiji chake.

Yafaa tukumbuke kwamba jambo hili halikuwa la mwambao wa Nyasa peke yake. Huko Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya lelemama viliwapanga wanawake katika pande mbili zilizoshindana kwa nyimbo, kwa mavazi na kwa karamu. Vilikuwa na viongozi wenye vyeo, na vilikuwa na michango. Kwa hiyo mtu akituambia leo kwamba mwanamke wa Afrika Mashariki hakuwa na chama cha mashindano mpaka alipoletewa soka, tunayo haki ya kumjibu kwamba historia haikubaliani naye.

Gharama ya uenyeji

Sasa tuangalie jinsi mashindano hayo yalivyoendeshwa, kwani hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu.

Kikundi cha kijiji kimoja kilikialika kikundi cha kijiji kingine. Wageni waliwasili kwa miguu au kwa mitumbwi. Wenyeji walipaswa kuwapa mahali pa kulala, kuwapikia ugali na kitoweo, na kuwapa kinywaji. Baada ya muda wageni nao waligeuka kuwa wenyeji, wakalirudisha deni. Hakukuwa na mashindano bila uenyeji, na hakukuwa na uenyeji bila akiba. Ngoma yenyewe ilidai sauti, miguu na ngozi ya kuwamba, lakini watu wa kulishwa walidai ghala.

Ghala la Umatengo lilitegemea kahawa. Zao hilo liliingia katika milima hiyo miaka ya 1920, na kwa muda mrefu ndilo lililoleta fedha za ada za shule, bati za nyumba, nguo, na pia za michezo. Kisha, mwaka 1989, mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka duniani kote. Katika miaka ya 1990 ushirika wa Mbinga nao ukaanguka, na mkulima akabaki peke yake mbele ya mnunuzi. Ilikuwa katika muongo huo ambapo mtafiti wa muziki Stephen Hill alifanya kazi Umatengo, akaandika juu ya mganda, kioda na usemi huo wa mchezo kulala. Sura yake imo katika kitabu kiitwacho Mashindano!, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 2000. Funzo kubwa tunalolipata ni kwamba wachezaji walikuwapo, na nyimbo zilikuwapo. Kilichokosekana ni uwezo wa kuwaalika wengine na kuwalisha.

Tena tusisahau kwamba mzigo wa uenyeji haukugawanywa sawasawa. Katika kilimo cha ngoro, desturi ilikuwa wanaume wakate majani na kuyapanga katika miraba, nao wanawake wachimbe, wafunike majani kwa udongo, wapande na kupalilia. Nyumbani walingojewa na kinu, maji na kuni. Wageni wa mashindano walipofika, wapishi walikuwa wanawake haohao. Mwanamke aliyecheza kioda alikuwa ameunyang'anya muda wake kutoka shambani na jikoni kwanza, ndipo akasimama mstarini. Mwanamume wa mganda hakudaiwa kiasi hicho.

Mpira waingia, wasichana wabaki pembeni

Mpira wa miguu uliingia katika nchi yetu kwa njia ya bandari, majeshi na shule za misheni. Katika mwambao wa Nyasa kulikuwa na shule za Waanglikana wa Universities' Mission, ambao makao yao makuu ziwani yalikuwa katika kisiwa cha Likoma tangu mwaka 1885. Na katika milima na Ungoni kulikuwa na shule za Wabenediktini wa Peramiho na Kigonsera. Shuleni mvulana alifundishwa kusoma, kupiga kwata na kucheza mpira. Kwa msichana, ukoloni wa Kiingereza ulileta mchezo wake mwingine, yaani netiboli.

Hatusemi hivi kwa kuidharau netiboli. Mchezo huo umewapa wanawake wa Tanzania viwanja, viongozi na heshima tangu kabla ya uhuru. Tunachosema ni kwamba mgawanyo huo, mpira kwa mvulana na netiboli kwa msichana, ulikuwa uamuzi wa watu na wala haukuwa sheria ya maumbile. Lakini ulipokwisha kukaa miaka mingi, watu walianza kuuita mila. Hata baada ya Serikali kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967, mgawanyo huo uliendelea bila kuulizwa sana. Mkoa wa Ruvuma ulipata fahari kubwa katika soka kupitia Majimaji ya Songea, iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Lakini fahari hiyo ilichezwa na wanaume. Wasichana waliishangilia wakiwa pembeni mwa uwanja.

Haikuwa hivyo kwetu tu. Huko Uingereza, tarehe 26 Desemba 1920, timu ya wanawake wa kiwanda iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza katika uwanja wa Goodison Park, mjini Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, 1921, Chama cha Soka cha nchi hiyo kilivikataza viwanja vya wanachama wake kuwapokea wanawake, na katazo hilo lilidumu takriban miaka 50. Wakoloni waliotuletea mpira walituletea pia katazo lao, ingawa hawakuliandika. Basi anayesema leo kwamba soka la wanawake ni kinyume cha mila ya Mwafrika, na ajiulize kwanza kama mila anayoitetea haikutoka London.

Hata hivyo walikuwako wanawake ambao hawakungoja ruhusa. Huko Zanzibar timu ya Women Fighters ilicheza kwa miaka mingi katikati ya ubishi juu ya dini, mavazi na heshima ya nyumba, na mwaka 2007 filamu ya Florence Ayisi, Zanzibar Soccer Queens, iliwaonyesha walimwengu wachezaji hao. Bara nako timu za mitaa zilizuka, hasa Dar es Salaam. Kutokana na timu hizo ilipatikana timu ya taifa, Twiga Stars, ambayo mwaka 2010 ilifuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za Afrika huko Afrika Kusini. Ilishindwa katika mechi zake zote tatu. Lakini hebu tujiulize: ni nchi gani nyingine iliyowahi kupeleka timu katika fainali za bara zima huku nyumbani haina ligi kuu ya wanawake? Wachezaji wale walikuwa wamefika kwenye karamu kubwa wakiwa hawana jiko kwao.

Msimu wa kwanza

Jiko hilo lilijengwa mwaka 2016. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Shirikisho la Soka Tanzania lilianzisha ligi kuu ya wanawake yenye timu 12 zilizogawanywa katika makundi mawili. Ukiitazama orodha ya timu hizo utaona kwamba waliopanga walikuwa na nia ya kuifanya ligi kuwa ya taifa kweli. Zilikuwamo timu za Dar es Salaam kama JKT Queens, Evergreen Queens na Mburahati Queens. Lakini zilikuwamo pia Viva Queens ya Mtwara, Panama ya Iringa, Baobab Queens ya Dodoma, Victoria Queens ya Kagera na Sisters ya Kigoma. Ilikuwamo na timu kutoka mji mdogo ulio kando ya barabara iendayo Morogoro, katika Mkoa wa Pwani: Mlandizi Queens.

Mkoa wa Ruvuma haukuwamo.

Msomaji aangalie majina hayo. Neno Queens lina maana ya malkia, na katika ngoma za ukoo wa beni cheo cha kwini kilikuwapo karne nzima iliyopita. Waliozibatiza timu hizi huenda hawakuyawaza hayo. Hata hivyo twaona tabia ileile: watu wa kawaida kujivika cheo cha kifalme ili wapate kushindana kwa heshima.

Tafakari sasa maana ya ligi kwa mchezaji ambaye hajawahi kuwa nayo. Kabla ya hapo msichana alicheza pale tu ilipotokea bonanza, au sikukuu, au mashindano ya shule. Alifanya mazoezi bila kujua mechi ijayo itakuwa lini. Ligi ilimpa kalenda. Ilimpa jedwali ambalo ndani yake goli la leo halisahauliki kesho. Ilimpa safari za ugenini, mwamuzi asiyemjua, na mpinzani atakayekutana naye tena. Hayo ndiyo mambo yaleyale ambayo kioda iliwapa mama zetu: mahali penye kumbukumbu, ambapo kushindwa kwa mwaka huu kulikuwa na dawa mwaka ujao.

Mwisho wa msimu huo, mwaka 2017, bingwa alikuwa Mlandizi Queens. Mji ambao wasafiri wengi waliufahamu kwa kuupita tu ulikuwa umeyashinda majiji. Twaamini kwamba kila mwalimu wa historia angefaa kusimama kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu ndiyo ahadi ya ligi yoyote: kwamba mstari wa kuanzia ni mmoja, na anayetoka mbali aweza kufika kwanza.

Ubingwa wahamia kwa wenye ghala

Ahadi hiyo haikudumu. JKT Queens ilitwaa ubingwa wa misimu ya 2017/18 na 2018/19. Kisha Simba Queens ikautwaa mara tatu mfululizo, kuanzia 2019/20 hadi 2021/22. JKT Queens ikaurudisha 2022/23, Simba Queens 2023/24, na JKT Queens tena 2024/25. Yaani katika misimu minane iliyofuata ule wa kwanza, kombe lilizunguka kati ya klabu mbili tu, zote za Dar es Salaam.

Je, ni kwa sababu wasichana wa Dar es Salaam wana miguu bora kuliko wa Kigoma au Mtwara? La hasha. Wengi wa wachezaji wa klabu hizo hawakuzaliwa Dar es Salaam hata kidogo. Sababu ni ileile tuliyoiona Umatengo. Klabu moja imelelewa na Jeshi la Kujenga Taifa, chombo chenye kambi, bwalo la chakula, nidhamu na ajira. Ya pili ni tawi la klabu iliyoanzishwa mwaka 1936, yenye mashabiki nchi nzima na wafadhili wa timu ya wanaume. Kila moja ina ghala. Mchezaji wake ana hakika ya kula, kulala, kutibiwa na kusafiri, na kwa hiyo aweza kuufanya mpira kuwa kazi. Mwenzake wa timu ya mkoani hufanya mazoezi baada ya kazi nyingine, na huenda ugenini kwa michango.

Mafanikio ya klabu hizo si ya kubezwa, maana yamelinufaisha taifa zima. Mwaka 2022 Simba Queens ilishinda mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati kwa kuifunga She Corporates ya Uganda bao 1 kwa 0 jijini Dar es Salaam, ikaenda Morocco katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika na kumaliza ya nne. Mwaka uleule wasichana wetu wa umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walicheza Kombe la Dunia huko India, wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Mwaka 2023 JKT Queens nayo ikawa bingwa wa ukanda wetu. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Uswidi mwaka 2022, na Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Hatimaye, Julai 2025, Twiga Stars ilirudi katika fainali za Afrika huko Morocco baada ya miaka 15, ikatoka sare ya bao 1 kwa 1 na Afrika Kusini. Yote haya yalitokea katika miaka isiyozidi tisa tangu ligi ianzishwe. Ni vigumu kuyaeleza bila ligi hiyo.

Lakini Mlandizi Queens iko wapi? Katika msimu wa 2022/23, ligi ilipokuwa na timu 10, bingwa yule wa kwanza hakuwamo tena miongoni mwake.

Mfano kutoka nje

Pengine msomaji atadhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini. Hebu tuvuke bahari. Mwaka 1999 Marekani ilitwaa Kombe la Dunia la wanawake mbele ya watazamaji zaidi ya 90,000. Mwaka 2001 nchi hiyo ikaanzisha ligi ya kulipwa iliyoitwa WUSA, yenye wachezaji waliokuwa mashuhuri kuliko wote duniani. Wenye mali walitia humo fedha zilizozidi dola milioni 100. Baada ya misimu mitatu tu, mwaka 2003, ligi ikafungwa. Ligi ya pili ilianza 2009, nayo ikazimika baada ya misimu mitatu. Iliyodumu ni ile ya tatu, iliyoanza mwaka 2013 kwa matumizi madogo zaidi, huku vyama vya soka vya taifa vikibeba sehemu ya mishahara ya wachezaji.

Mkulima wa Mbinga angewaeleza Wamarekani hao jambo hili bila kuhitaji mwanauchumi. Angewaambia kwamba karamu ya kwanza iliyozidi ghala huifuta karamu ya pili, na kwamba mwenyeji mwenye busara hualika wageni anaoweza kuwalisha, ili mwaka ujao naye aalikwe.

Ruvuma na ligi

Turudi nyumbani. Ruvuma haikukaa nje daima. Kufikia msimu wa 2020/21, Ruvuma Queens ya Songea ilikuwa ikicheza katika ligi kuu ya wanawake. Hesabu ya safari zake yatosha kutufundisha. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 za barabara. Kutoka huko hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000 nyingine. Kila mechi ya ugenini ni siku mbili njiani, chakula cha watu zaidi ya 20, na malazi. Timu ya Dar es Salaam inapocheza na jirani yake hupanda basi asubuhi na kurudi jioni. Jedwali la ligi hulihesabu goli moja sawa kwa wote, lakini halizihesabu kilomita. Katika msimu wa 2022/23, kama ilivyokuwa katika ule wa kwanza, jina la Ruvuma halikuwamo.

Na kama hali ni hiyo kwa Songea, makao makuu ya mkoa, tuseme nini juu ya msichana wa Liuli au wa Lituhi? Kwa muda mrefu ilimlazimu angoje meli, au apande mlima kwa miguu. Leo kuna barabara ya lami kutoka Songea hadi Mbinga, na nyingine ya kilomita 66 inayoshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Hii ni hatua kubwa, kwa kuwa mashindano hufuata njia, kama ngoma zilivyofuata njia za chumvi na samaki. Lakini barabara peke yake haipiki ugali wa wageni.

Twaona kwamba somo la kioda laweza kutumika hapa moja kwa moja. Vijiji vya Umatengo na mwambao havikuanza kwa kushindana na Dar es Salaam. Vilialikana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa umbali ambao miguu na mitumbwi iliweza, na kwa chakula ambacho mavuno yaliweza. Mashindano ya shule kwa shule, kata kwa kata, na baina ya Mbinga na Nyasa, yenye kalenda inayotimizwa kila mwaka, yangemfaa msichana wa mwambao kuliko safari moja kubwa ya mbali isiyorudiwa. Ligi ya taifa ni paa, na paa hushikwa na nguzo. Aidha, pale msichana anapopangiwa mazoezi jioni, hapana budi mtu aulize ni nani atakayechota maji saa hiyo. Bibi zetu wa kioda waliutatua ugumu huo kwa kusaidiana wao kwa wao. Ingefaa safari hii kaka na baba nao wawemo katika hesabu hiyo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, mashindano ya wanawake yenye vikundi, sare, safari na heshima si kitu kigeni katika mwambao wa Nyasa; yalikuwako kabla ya bibi zetu wengi kuzaliwa. Pili, mgawanyo uliomnyima msichana mpira ulikuja na shule za wakoloni, na uliitwa mila baadaye. Tatu, mashindano hayalali kwa kukosa wachezaji. Hulala yanapokosa mwenyeji, iwe ni katika kijiji cha Umatengo baada ya bei ya kahawa kuanguka, iwe ni katika majiji ya Marekani baada ya fedha za wafadhili kwisha.

Twawaomba walimu wa Ruvuma, na wa mikoa mingine, wawatume wanafunzi wao kwa bibi zao wakiwa na daftari. Waulize: kikundi chenu cha ngoma kiliitwaje? Mlikwenda kucheza wapi? Nani aliwapikia? Mliwarudishia karamu yao lini, na kwa nini mliacha? Majibu hayo ni historia ya taifa, na wenye kuyajua hawatakuwa nasi siku zote. Kisha wanafunzi wakirejea shuleni, waweke majibu hayo kando ya jedwali la ligi, wasome vyote viwili kwa pamoja. Watagundua kwamba swali la nani alipika, na kwa akiba ya nani, lina nafasi katika jedwali la ligi kama lilivyokuwa nayo katika uwanja wa kioda.